Sifa Anazopewa Mvumilivu
Salme binti Said, bintiye Sultani wa Zanzibar, alifiwa na mumewe mjini Hamburg mwaka 1870, akaachwa ugenini na watoto watatu wachanga. Kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zinakaa zaidi katika maisha yake ya Zanzibar. Ujane unapitiwa upesi. Dhiki yenyewe imo katika barua zilizochapishwa baada ya kufa kwake. Je, tumsifu kwa ustahimilivu? Nasita. Aliandika ili wanawe wajue alikotoka mama yao, si ili sisi tulio ughaibuni tujifariji kwa machozi yake. Tena mwaka 1885 alirudi Zanzibar kudai urithi wake, na ndugu yake, Sultani Barghash, akakataa kumwona. Sifa zetu hulipita dai hilo kimyakimya.