Tafakuri ya Leo: Ndege siyo rukhsa, masafa ndiyo rukhsa



Wapo wanaosema, "Leo napanda ndege kwenda Zanzibar, kwa hiyo sifungi." Tahadhari jamani! Toka uwanja wa Julius Nyerere hadi wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 tu, dakika 20 hivi angani. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, rukhsa inataka marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80.

Mwanza ni zaidi ya kilomita 800. Hata ukifika kwa saa moja na nusu, rukhsa unayo, ila uwe umetoka mjini kabla ya alfajiri, na siku hiyo utailipa (al-Baqara, 184).

Kabla hujakata tiketi, muulize sheikh wako. Kula mchana wa Ramadhani bila udhuru si jambo dogo.

Allah atutakabalie. Aamin.