Sponji la Bei Chee

Kisa hiki ni cha bwana mmoja wa Bagamoyo, mtu makini na mpenda samaki. Nakisimulia kwa sababu kosa lake lingeweza kunipata mimi, au wewe. Ni kosa la mtu anayebana matumizi, na nani kati yetu habani?

Sebuleni kwake alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu. Sponji la chujio lilipochakaa, aliona kufunga safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya kipande cha sponji ni kupoteza nauli. Akapita duka la jirani, akanunua sponji za kuoshea vyombo, akazikata kwa kisu na kuzishindilia kwenye chujio. Lile la zamani, lililojaa utelezi wa kahawia, akalitupa jalalani.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwapo. Kwanza, pakiti ilijisifu kwamba sponji hizo huua bakteria. Kwa sahani hiyo ni sifa. Kwa tangi la samaki ni onyo. Pili, alipozikamua ndooni maji yaligeuka rangi, naye akapuuza. Tatu, jioni ile povu jembamba lilitanda juu ya tangi. Nne, kesho yake samaki walikaa juu ya maji wakihema, mapezi wameyabana. Akasema ni joto. Kweli, joto la pwani hupunguza hewa ndani ya maji, na ndiyo maana jibu hilo lilimridhisha. Tujihadhari na jibu linaloturidhisha upesi.

Alipoona hali inazidi, akamwaga maji yote na kujaza ya bomba, yenye klorini. Samaki wakafa mmoja baada ya mwingine.

Wengi wetu tunadhani kazi ya chujio ni kunasa uchafu tu. Kumbe ule utelezi wa kahawia ni makazi ya bakteria wema. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na mabaki ya chakula huiongeza. Amonia huunguza matamvua. Bakteria hao huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya huchukua wiki kadhaa kujijenga. Bwana wetu alitupa karibu kundi zima kwa siku moja, akaweka mahali pake kitu kilichotengenezwa kuua bakteria, kisha klorini ikamalizia. Tena amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na yenye chokaa nyingi, jambo la kukumbukwa na sisi wa mwambao tunaotumia visima vya kwenye mawe ya matumbawe.

Je, vitu vya bei nafuu havifai? Vinafaa, tukivijua. Pamba nyeupe ya mito, ile ya poliesta isiyotiwa dawa, rangi wala manukato, hunasa uchafu mwembamba vizuri sana. Sponji la godoro linahitaji tahadhari, kwani mengine hutiwa dawa ya kuzuia moto au ukungu. Kama muuzaji hajui kilichomo, liache.

Chochote utakachochagua, kisuuze bila sabuni, kisha kilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kikitoa povu, rangi au harufu, usikitie kwenye tangi. Kikiwa safi, badilisha nusu tu ya chujio na uache nusu ya zamani kwa wiki kadhaa. Sponji la zamani lisuuze kwa maji uliyochota kwenye tangi lenyewe, usilipeleke bombani. Pamba huziba haraka; maji yakipungua kasi, ibadilishe. Na ukiona samaki wanahema juu ya maji, ondoa kwanza kitu kipya ulichoweka, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji kwa yaliyotolewa klorini, ndipo ulaumu joto.

Wakazi wa Bagamoyo tuna bahati: chuo cha uvuvi kipo hapo Mbegani, na wanaofundisha ufugaji wa samaki wanaijua amonia vizuri. Ndugu msomaji, uliza kabla ya kununua, na soma pakiti hadi mwisho. Kuuliza ni bure.