Sarafu Kuukuu na Thamani Yake: Je, Ni Israfu Kuinunua kwa Mali Nyingi?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yafaa ijulikane ya kwamba miongoni mwa mambo yanayoulizwa katika Mbinga na ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli hata Mbamba Bay, ni hili la sarafu za kale. Husemwa kwamba ng'ambo wako watu ambao kazi ya starehe yao ni kukusanya sarafu, nao hutoa mali nyingi mno kwa ajili ya kipande kimoja tu. Mwenye kusikia huuliza: je, hiyo ni haki ya mwenye mali, au ni israfu? Swali hili lataka jawabu la utulivu, kwani ndani yake kweli na uvumi vimechanganyika.

Kwanza, khabari yenyewe ni kweli. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawanya rupia kwa heleri 100, na humo ndimo lilimotoka neno hela linalotumika hata leo. Vita vilipozuka, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann palepale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Kisha Waingereza wakaifunga njia ya bahari, fedha zisiweze kuletwa kutoka Ulaya. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu wao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu za rupia 15 zipatazo 16,198, zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Uzito wa kila moja ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji, na kazi ile ikakoma. Leo sarafu moja katika hizo huuzwa mnadani kwa dola elfu kadhaa za Marekani.

Wala hiyo si kubwa mbele ya nyingine. Mwaka 2011, katika mnada wa London, dinari moja ya Bani Umayya ya mwaka 105 wa Hijra, yenye maandishi yanayotaja madini ya Amiri wa Waumini katika Hijazi, iliuzwa kwa pauni 3,720,000. Uzito wake ni kama mithqali moja tu. Na sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933, iliyopata kuwa mali ya Mfalme Farouk wa Misri, iliuzwa mwaka 2002 kwa dola zaidi ya milioni 7 na nusu, na mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 19. Na katika mauzo yale ya 2002, mnunuzi alitakiwa kuongeza dola 20 juu ya bei, zilipwe serikali, ili sarafu ile ihesabiwe kuwa imetolewa kwa halali. Dola 20 ndizo zilizokuwa thamani yake kama fedha. Mamilioni yaliyobaki yalilipiwa nini?

Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameeleza hekima ya dinari na dirhamu: ya kuwa Mwenyezi Mungu amezifanya ziwe mahakimu baina ya mali za watu, zipime ngamia kwa nguo na nguo kwa chakula, hali zenyewe hazitakiwi kwa dhati yake. Mwenye kuzifungia, asema, ni kama aliyemtia hakimu gerezani, watu wakakosa wa kuwaamua. Kwa maneno hayo mtu aweza kudhani kwamba kila mkusanyaji wa sarafu ni mwenye kosa.

Walakini hapa pana tofauti ipasayo kutazamwa. Hakimu aliyekwisha kuuzuliwa hafungiwi kwa kuwekwa nyumbani. Heleri ya Mjerumani hainunui chumvi wala usipa sokoni leo. Imekuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, na bei yake ni kuridhiana kwa muuzaji na mnunuzi. Tena iko faida isiyokataliwa. Lau sarafu ya kale ingekuwa na thamani ya madini yake tu, sonara angeiyeyusha siku ile ile ipatikanapo. Dinari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331, zilizobaki ni chache mno. Na kila moja ni shahidi wa dola iliyopita. Mwenye kumhifadhi shahidi kwa mali yake, watu wakasoma kwake, hakupoteza.

Ama dhahabu, hukumu yake haibadiliki kwa ukuukuu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, dhahabu ikiuzwa kwa dhahabu sharti zilingane uzito na zipokewe mkono kwa mkono. Nzuri na mbaya, adimu na nyingi, ni sawasawa. Basi mwenye kubadili dinari moja ya kale kwa dinari mbili mpya za uzito ule ule ameingia katika riba, hata akisema kwamba yake ni adimu. Akiiuza kwa noti, bei ni wapendavyo, walakini makabidhiano yawe hapo hapo, kwani wanazuoni wengi wa zama hizi wamezihesabu noti kuwa ni thamani kama dhahabu na fedha.

Na zaka haitazami bei ya mnada, hutazama uzito wa dhahabu safi. Nisabu ni mithqali 20, kadiri ya gramu 85. Kila sarafu ya Tabora ina gramu 5.376 za dhahabu safi. Basi mwenye 16 katika hizo, zikikaa kwake mwaka mzima, amefikia nisabu. Hawezi kusema kwamba ni mchezo wake tu. Naye akitoa zaka yake, mali yake haihesabiwi kuwa ni hazina iliyokemewa.

Imebakia khabari ya moyo, na humo ndimo mlimo khatari. Bei ya mamilioni haizaliwi na sarafu. Huzaliwa na watu wawili mnadani, kila mmoja hakubali kushindwa na mwenziwe. Mmoja akitoka, bei husimama. Basi sehemu kubwa ya mali ile hulipiwa ushindi, na huko ndiko kushindana kwa wingi kulikolaumiwa. Anayetaka kuijua nafsi yake na aiulize: lau sharti lingekuwa asijue mtu yeyote kwamba sarafu hii ni yake, angalitoa kiasi gani? Kinachopungua katika jawabu ndicho alichonunulia fahari. Akiwa anacho jirani mwenye njaa na mdai asiyelipwa, hahitaji mufti wa kumwambia.

Tena na akumbuke ilikopita sarafu ile. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba shambani, na aliyezikosa alizilipa kwa jasho la kazi. Rupia aisifuyo mkusanyaji kwa mng'aro wake, huenda mkulima mmoja alitoa miezi ya umri wake kuipata. Hiyo nayo ni bei, wala haiandikwi katika daftari la mnada.

Na walio ufukoni nao wajihadhari. Heleri moja za shaba zilipigwa kwa mamilioni, na nyingi thamani yake ni ndogo. Inayopata bei ni adimu yenye sura safi. Na mwenye kuisugua kwa mchanga au majivu huiharibu. Basi anayeuza kahawa yake ikali mtini ili achimbe hazina ya Mjerumani, au anayempa mgeni fedha ili aonyeshwe mnunuzi tajiri, yeye ndiye mwenye israfu iliyo wazi kuliko tajiri wa London. Yule walau amepata sarafu; huyu amepata shimo.

Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Mwenye jawabu la haki na anunue. Asiye nalo, hata heleri moja ni ghali kwake.

Wallahu aalam.