Dawa ya Wasiwasi katika Tohara na Sala

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Na ajue kila mwenye kusoma kwamba wasiwasi unaotajwa humu si ule wa mwenye safari au mwenye deni. Huu ni maradhi. Mtu hutawadha akamaliza, kisha moyo ukamwambia: kisigino hakikupata maji. Akarudia. Ukamwambia: hukutia nia. Akarudia mara ya kumi, hata wenziwe wakatoa salamu naye yungali birikani, na ngozi ya mikono yake imepasuka. Mwingine hujiwa na fikira mbaya juu ya Mola wake, fikira aichukiayo kuliko moto, akadhani amekwisha kukufuru. Na wako ambao kwa kuchoka huiacha sala kabisa. Hapo ndipo ilipo hasara: alitaka ibada iliyo kamili, akaishia bila ya ibada.

Watu wawili humdhulumu mgonjwa huyu: amsifuye kwa ucha Mungu, na amwambiaye kuwa imani yake ni dhaifu. Si ucha Mungu, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kadiri ya kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani. Wala si udhaifu wa imani, kwani Masahaba walimshitakia mambo waliyoyaona nyoyoni mwao, makubwa mno kutamkwa, naye akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Yaani kule kuyachukia kwao. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Wala maradhi haya si mapya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi, akauhesabu wasiwasi katika maradhi ya nafsi pamoja na hofu, ghadhabu na huzuni. Akamwusia mgonjwa asipende upweke, na ajishughulishe na watu na kazi. Na Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1567, alipoulizwa dawa yake alijibu kwamba ni kuupa mgongo kabisa. Aupaye mgongo humtoka, na ausikilizaye humzidia hata akawa kama mwenda wazimu.

Matabibu wa zama hizi wamefika pale pale kwa njia nyingine. Mwaka 1966, huko London, Victor Meyer alieleza habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa kuwakutanisha na walichokiogopa na kuwazuia wasirudie walivyozoea. Tiba hiyo ndiyo itumiwayo mpaka leo. Mgonjwa, pamoja na tabibu wa nafsi, hupanga anayoyaogopa, akaanza na lililo dogo. Hutawadha mara moja kwa maji yaliyopimwa, akaondoka na shaka yake moyoni. Hofu itapanda, lakini asirudie. Kwani isipolishwa hushuka yenyewe. Na kila arudiapo, huwa amemlisha mbwa mlangoni: kesho atakuja tena.

Sharia nayo imemfungulia mlango, kwani yakini haiondolewi na shaka. Aliyekwisha tawadha ni mwenye udhu mpaka ayakinishe kuwa umetenguka.

Watu wa nyumbani nao wana sehemu yao. Mgonjwa akiuliza kila saa, “Je, udhu wangu umetimia?”, wasimjibu kila mara, kwani jibu hilo kwake ni kama kuosha tena. Wamwambie kwa upole kwamba swali hilo ni la maradhi, wala wasimcheke. Na maradhi yakiwa mazito, ziko dawa za kumeza waziandikazo madaktari. Kuzitumia si kupungukiwa na tawakali, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu.

Basi mwenye maradhi haya asimwogope Mola wake kama aogopavyo mdai mkali. Dini ni nyepesi, na aliyeiteremsha anaijua dhiki iliyomo kifuani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, na awape utulivu katika sala zao. Amin.