Sengu na Mwanachuo

Katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na baraza waliloliita sengu. Kila mke alipika jikoni kwake, chakula kikapelekwa mahali pamoja, na wanaume wa ukoo, wazee kwa wavulana, wakala pamoja. Hapo ndipo ugomvi ulipoamuliwa, kazi za shamba zikapangwa, na kijana akaulizwa habari zake mbele ya watu ambao wangeishi na majibu yake. Nalitaja baraza hili kwa sababu lilishika kwa mkono mmoja mambo ambayo vyuo vyetu vimeyagawa: mlezi wa wanafunzi anashughulikia nidhamu, mnasihi anawapokea wenye huzuni, na ajira inangoja semina ya kuandika wasifu katika muhula wa mwisho. Nadhani kosa liko katika mgawanyo huo. Anayemwandaa kijana kwa kazi bila kumsaidia kujua anawajibika kwa nani, bado hajamwandaa.

Tazama ngoro, kilimo cha mashimo cha milima hiyohiyo. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana mithili ya vyumba vya mraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila chumba, wakafukia nyasi, wakapanda maharage juu ya matuta. Nyasi huoza zikawa mbolea, na shimo linalobaki hukamata maji yasiteremke na udongo hadi bondeni. Kwenye mteremko mkali kama ule, uzembe wa shamba la juu ni hasara ya shamba la chini. Kwa hiyo kijana aliyejifunza ngoro alijifunza ufundi na ujirani kwa jembe lilelile, na jioni, kwenye sengu, akaulizwa juu ya vyote viwili.

Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga, au wa mvuvi wa usipa wa Liuli, anapoingia Chuo Kikuu cha Dodoma, anawaacha watu wanaomuuliza na kufika penye watu wanaomhesabu. Jina lake limo katika orodha ya mahudhurio, ya bumu (fedha za mkopo) na ya matokeo. Hakuna orodha inayotaka kujua kwa nini amechagua ualimu, wala kwa nini siku hizi hali chakula cha jioni. Akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, nyumbani hupata habari mwisho, maana aibu imemfunga mdomo. Chuo cha maelfu ya watu hakiwezi kwenda bila orodha, nakubali. Lakini dhamiri haiamshwi na orodha. Mtu hutambua anachokiamini pale anapotakiwa kukieleza mbele ya mwingine anayemjali na asiyemsahihishia mtihani.

Atakayepinga wazo la kuwa na sengu vyuoni atasema sengu ilikuwa baraza la wanaume. Ni kweli, na pingamizi hili ndilo zito kuliko yote: wanawake walibeba sehemu kubwa ya ngoro, wakapika chakula chote, na penye maamuzi hawakuwapo. Lakini sengu ya leo si lazima iwe hivyo: tangu Novemba 2021 Tanzania imewaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi kurudi shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, vimewapokea kina mama vijana. Sengu ya chuo isiyokuwa na nafasi ya mama kijana wa namna hiyo na mtoto wake mgongoni haifai kujengwa.

Wengine wataogopa ubabe wa wazee. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walipogusia mishahara ya wakubwa, Rais, Mwalimu Nyerere, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao vijana zaidi ya 300. Katika tendo la kwanza namwona mzee aliyekubali kuulizwa. Katika la pili, mzee aliyeyafunga mazungumzo. Watawa Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, wana kanuni ambayo ingefaa hapa: Mtakatifu Benedikto anamwagiza abati awaite ndugu wote kwenye shauri zito, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Hapo kumsikiliza kijana si hisani ya mkubwa, kwa sababu huenda ukweli unaotafutwa uko kwake.

Na wapo wanaosema haya yote ni maneno matupu wakati ajira hazipo. Baraza haliumbi ajira, sitadai hivyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kijapani walipofanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, Mbinga, hadi ikajengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, kamati ya kijiji iliitwa Sengu. Watu waliokwisha kuketi pamoja waliweza kuaminiana mali. Mhitimu anayejulikana tabia na watu wa namna hiyo hukopeshwa mbegu, huachiwa mtumbwi, hutajwa nafasi ya kazi inapotokea. Asiyejulikana na mtu hubaki na cheti chake. Vyuo vinaweza kuanza kwa kundi dogo, mhadhiri mmoja na wanafunzi kumi, wakikutana kila wiki tangu mwaka wa kwanza. Ila utaratibu wa sengu uheshimiwe: chakula kwanza, maswali baadaye. Bumu linapochelewa, kijana aliyeshindia chai ya rangi hawezi kusikia ushauri wa maisha, na mzee wa sengu asingemuuliza lolote kabla hajamwona akinawa mikono.