Kazi na Makofi

Gazeti lifikapo katika chumba chetu cha walimu, ukurasa unaofunguliwa kwanza ni ule wa watu mashuhuri: nani ameoa, nani ameachika, mchezaji yupi amenunuliwa kwa fedha nyingi. Nami simo nje ya kosa hili, kwani hunyoosha shingo nikasoma begani kwa mwenzangu. Wakati huo mpishi wetu, aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, hupita na birika la chai, wala hapana ainuaye macho. Ndipo nijiulizapo: kazi isiyotazamwa ina heshima gani?

Swali hili hunikumbusha habari za mtu mmoja wa Marekani. Huko wanaupenda mchezo wa besiboli kama sisi tuupendavyo mpira wa miguu. Mmoja hutupa mpira mdogo, mwingine huupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Timu ya New York Yankees ilikuwa na Babe Ruth, ambaye magazeti hayakuchoka kuandika habari zake, hata za mlo wake na anasa zake. Mwaka 1930 mshahara wake ulikuwa dola 80,000, ilhali Rais Hoover alipata 75,000. Aliyemfuata katika zamu ya kupiga alikuwa Lou Gehrig, mtu wa maneno machache.

Tangu 1 Juni 1925 Gehrig hakukosa mchezo hata mmoja wa ligi. Tarehe 3 Juni 1932 aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja mara nne katika mchezo mmoja, jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyelitenda katika karne ile. Walakini siku hiyo hiyo John McGraw, aliyeiongoza timu ya Giants kwa miaka 30, alijiuzulu, na vichwa vya habari vikawa vyake.

Ni rahisi kulia hapa kwamba dunia haina haki. Nilipokuwa nikisomea ualimu chuoni niliandika insha ya namna hiyo, nikamsifu mnyamavu na kumlaumu mashuhuri. Sasa siamini kuwa mambo ni mepesi hivyo. Watu waliojaa uwanjani kumtazama Ruth ndio waliolipa mshahara wa Gehrig pia. Tena hata mnyamavu aweza kunaswa na sifa. Michezo yake ilipokuwa mingi, watu walianza kuihesabu. Tarehe 14 Julai 1934, huku mgongo ukimwuma, aliandikwa awe mpigaji wa kwanza, akapiga, akafika kituo cha kwanza, kisha akaingizwa mwingine mahali pake. Mchezo ule ulihesabiwa. Je, ile ilikuwa kazi, au jina katika daftari tu?

Msimcheke. Mnamjua yule aitikiaye "Nipo!" jina lake liitwapo asubuhi, kisha akalala juu ya dawati mpaka kengele ya mapumziko. Na mwalimu naye, nakiri, kuna siku ametia sahihi katika kitabu cha mahudhurio na kufundisha kwa mdomo tu, moyo wake ukiwa kwingine. Yule mpishi hana njia ya kujificha hivyo: uji usipoiva, shule nzima itajua.

Mwaka 1939 nguvu zilianza kumwisha Gehrig, wala hakujua bado kuwa ni ugonjwa wa neva utakaomwua mwaka 1941. Alikuwa amecheza michezo 2,130 mfululizo, na meneja alimwachia aamue mwenyewe. Yasimuliwa kwamba wenzake walimpongeza kwa tendo jepesi ambalo zamani lisingalisifiwa na mtu, naye akaelewa. Tarehe 2 Mei, mjini Detroit, alimwambia meneja kwamba hatacheza, kwa faida ya timu. Kwa kuwa alikuwa nahodha, aliichukua karatasi ya majina ya wachezaji akampelekea mwamuzi. Jina lake halikuwamo. Kisha akarudi akaketi benchini, na timu yake ikashinda siku ile, 22 kwa 2.