Mwendo wa Kuazima

Kigari cha umeme cha wacheza gofu ni chombo kipole. Kiliundwa kipite juu ya majani mafupi, kichukue watu wawili na mfuko wa magongo yao, kisizidi sana mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha kirudi bandani kulala na kujazwa umeme. Kikizeeka huuzwa, na maisha yake ya pili si ya starehe tena. Hutumwa mizigo katika viwanja vya viwanda, huchukua wageni wa hoteli, au wagonjwa na wazee katika nyua za hospitali. Hapo ndipo mwenyewe mpya anapoanza kunung'unika kwamba chombo chake chatambaa kama kobe, na ndipo fundi anapoitwa akihimize.

Fundi hana haja ya uganga. Vigari vingi vya zamani hutumia betri 6 za volti 6 zilizounganishwa kwa mfululizo, jumla yake volti 36. Akiongeza betri 2 za namna ile ile hupata volti 48. Na kwa kuwa mzunguko wa mota hufuata volti kwa karibu, kigari kilichokuwa kikienda kilomita 20 kitakwenda 26 au 27. Ipo njia nyingine ya kufunga matairi makubwa zaidi, na nyingine ya kubadili mota yenyewe. Kidhibiti cha umeme nacho sharti kibadilishwe, na nyaya ziwe nene, ama sivyo vitaungua. Kazi hiyo yote yaweza kumalizika kwa siku moja, na jioni mwenye kigari akaondoka na furaha yake.

Ila breki ni zile zile. Katika vigari vingi vya zamani breki hushika magurudumu ya nyuma tu, tena kwa kuvutwa na waya. Mkanda hakuna, mlango hakuna. Betri moja ya volti 6 ina uzito wa kilo 28 hivi, basi zile 2 zimeongeza zaidi ya kilo 50 juu ya ekseli ile ile. Wala hesabu ya kasi si hesabu ya kujumlisha: mwendo ukiongezeka kwa theluthi moja, nguvu ambayo breki yapaswa kuimeza huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, na nguvu ya kukipindua chombo penye kona huongezeka vivyo hivyo. Fundi amempa mwenye kigari kilomita 7. Amezitoa wapi? Hakuziumba. Ameziazima kwa breki, kwa ekseli, kwa abiria aliyeketi ubavuni bila kitu cha kujishikia, na kwa mtoto atakayevuka njia kesho. Wakopeshaji ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Wapo watakaosema kwamba kikomo alichoweka mtengenezaji ni sheria, na kukivuka ni kosa, basi. Hoja hiyo ni dhaifu, na katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita haitapata msikilizaji. Huko chombo cha kale hakitupwi. Baiskeli, ambayo muundaji wake alimkusudia mpandaji mmoja, iligeuzwa gari la abiria, hata watu wa Shinyanga wakaiita daladala. Injini iliyozaliwa kwa kazi nyingine hufungwa kwenye karasha, ikasaga mawe ya wachimbaji wadogo. Lau kila mtengenezaji wa mbali angetiiwa kwa neno lake, sehemu kubwa ya kazi za mikono ya watu hao isingekuwapo. Yeye aliwaza majani mafupi. Hakumwaza mama atokaye sokoni Kahama na gunia la mchele. Kikomo chake si msahafu.

Lakini na itazamwe vema ile baiskeli ya daladala. Fundi wake aliongeza nini? Aliimarisha keria, akatia kiti cha sponji, akamfikiria abiria na miguu yake. Alianza na yule atakayebebwa. Mwendo hakuugusa, kwa maana mwendo ulikuwa katika miguu ya mwendeshaji, nayo miguu ilijua kuchoka, ikamwonya mwenyewe kabla ya hatari. Mota haina onyo la namna hiyo. Hutii mpaka dakika ya mwisho.

Mwanafikra Ivan Illich, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 juu ya nishati na haki, alidai kwamba chombo kikivuka mwendo wa baiskeli, yaani kilomita 25 hivi kwa saa, huanza kuwapokonya watu wengine nafasi yao na wakati wao. Dai hili limetiwa chumvi. Mjamzito wa kijiji cha mbali mkoani Geita anayekimbizwa hospitali usiku hana haja na falsafa ya baiskeli. Hata hivyo ni ajabu kwamba mpaka aliouchora Illich ndio karibu ule ule anaouvuka fundi wetu kwa betri zake 2, na lipo neno moja la kweli ndani ya chumvi ile: mwendo anaoufurahia mmoja aghalabu hulipiwa na mwingine.

Mpinzani aweza kuleta Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu wa miguu na magari huchanganyika. Kigari cha kilomita 27 kina hatia gani, basi? Jibu ni kwamba kikomo hicho chadhani gari lina breki za gari. Tena kasi haina maana moja kila mahali. Katika uwanda wa Shinyanga, ambako nchi imelala kama mkeka, kigari kilichobadilishwa mota kwa ajili ya mbio kitakwenda vizuri. Kipelekwe katika vilima vya Geita, na mota ile ile iliyouza nguvu zake ili inunue mbio itashindwa kupanda. Na wakati wa kushuka, breki zitakabidhiwa kazi ambayo hazikuumbiwa.

Mtu akiendesha peke yake ndani ya ua wake, hiari ni yake. Mambo hubadilika chombo kikitoka barabarani kutafuta fedha. Dereva asiye na chombo chake hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni; faida ya mwendo ni ya tajiri, hatari ya mwendo ni ya dereva na wanaomzunguka. Nchini Kenya, matatu zilipolazimishwa mnamo Februari 2004 kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, haukupita muda mrefu kabla ya baadhi ya vidhibiti hivyo kuchezewa. Si kwamba madereva walipenda mauti. Mwendo ulipunguzwa, hesabu ya jioni haikupunguzwa.

Linabaki shauri la fundi, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa yeye peke yake ajua alichokifanya chini ya kiti. Akimwambia mteja, "Mzee, tuanze na breki, betri zitafuata," ametaja gharama isiyoonekana faida yake, maana breki njema haijulikani mpaka siku ya kuhitajiwa. Mteja ataaga kwa adabu aende gereji ya pili, na fundi wa gereji ya pili naye ana watoto. Kumsifu fundi wa kwanza ni rahisi kwa mtu alipwaye mshahara kila mwezi. Mafundi wa mtaa mmoja wangeweza kupatana kwamba hakuna atakayefunga betri ya saba kabla ya kuzikagua breki, na mteja asingekuwa na pa kukimbilia. Lakini mapatano ya namna hiyo huvunjwa na fundi mmoja tu mwenye njaa, usiku, mlango wa gereji umefungwa.